Mguu wa Mama na Mkono wa Mkwe

Nchelenge, mwezi wa tano

Kwako Yaya Stéphane, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Natumaini wewe, wifi Clotilde na watoto wote hapo Kilwa ya Kongo mnaamka salama, na ule mgongo wako unaouma kila kunapokuwa na kazi umepata nafuu. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua imekata, chisense, dagaa wetu wa ziwani, wameanza kukauka vizuri mchangani, na mume wangu Ackson anakusalimu sana, ingawa mimi ningekuwa yeye nisingekusalimu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi za simu. Nimeandika kwa sababu simu umezoea kuikata katikati ukisema mtandao umeanguka, tena huanguka pale pale ninapotaja jina la mama. Karatasi haina mtandao. Nimemwambia Camille, huyu mwenye boti anayekuletea, asikukabidhi gunia lako la unga mpaka uisome yote mbele yake. Kwa hiyo kaa chini, Yaya.

Unakumbuka mama alivyohamia kwetu baada ya kumzika baba. Tangu siku ile ameishi katika nyumba ya mkwe ambaye hajafunguliwa njia. Maana yake unaijua kuliko mimi, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Mpaka ukoo wa mke upike kuku, na mkubwa wa ukoo asimame aseme maneno yake, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Wabemba wa hapa wanaita kazi hiyo kuingisha shifyala. Sisi tuna jina letu, lakini kuku ni yule yule. Tumekungoja weee. Mara injini ya boti imekufa, mara kuna kilio kwa jirani, mara huna koti la kufaa, na hali koti la baba liko hapa kwangu limening'inia kwenye msumari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii imeumiza mguu.

Kisukari cha mama unakijua. Usichokijua ni kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa baridi kwa miezi mingi, na hakumwambia mtu. Angeanzaje? Kusema mguu unauma ni kuutoa nje ya kitenge, na kuutoa nje katika nyumba ya mkwe ni aibu. Akawa anaukalisha karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, upate joto. Siku moja nikasikia harufu jikoni, nikadhani nimeunguza samaki. Kumbe kidole gumba cha mama kilikuwa kinaungua, naye amekaa anachambua maharagwe, hana habari. Mguu ulikuwa hausikii tena. Nililia, nikamfokea, halafu nikalia tena.

Hospitali ya hapa Nchelenge ilitutuma Mansa. Mansa wakasema mishipa ya damu chini ya goti imeziba, kidole kinaoza kwa kukosa damu, na lililobaki ni moja kati ya mawili: mguu ukatwe, au tuwahi Lusaka kwa daktari anayejua kuizibua. Ackson anaendesha lori la samaki la tajiri mmoja, akaomba zamu ya Lusaka siku ile ile. Na mama yetu, Yaya, mwenye kidole cheusi, akakataa kupanda mbele na mkwe! Alisafiri nyuma, juu ya magunia ya samaki wakavu, kitenge kichwani, nami pembeni nimemshika asidondoke. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu njia nzima. Polisi wa barabarani walipotusimamisha Ackson aliwaeleza sababu, wakatikisa vichwa, wakamwelewa, wakaturuhusu. Ni mimi peke yangu ambaye sikuelewa.

Daktari wa Lusaka ni mwanamke mpole, akanieleza kwa Kibemba taratibu. Anatoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinenani, anapitisha waya mwembamba na mrija laini mpaka chini ya goti, na pale palipoziba anajaza kiputo kidogo kinachotanua mshipa ili damu ipite. Mgonjwa yuko macho, ni ganzi tu. Nikamtafsiria mama. Akauliza kama mrija hauwezi kuingilia mkononi. Daktari akasema kwa mguu ule haiwezekani. Mama akakubali kwa sharti moja: “Mukwe asijue banapitisha wapi. Hata kidogo.” Nikaahidi. Basi Ackson hakuambiwa kitu, na hapo ndipo tulipokosea wote wawili, mimi na mama.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Daktari alinionyesha picha: mwanzo mshipa umekatika kama barabara iliyoliwa na mvua, mwisho damu inafika mpaka vidoleni. Kidole gumba hakikuwa na dawa tena, kingekatwa, lakini mguu ungebaki. Niliugusa kwa mkono wangu, ulikuwa na joto, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Tukaonywa kwamba mama alale chali, mguu umenyooka, asiukunje wala asiinuke mpaka jioni, kwa sababu lile tundu la mshipa lilikuwa bado bichi. Nikatoka kwenda kununua maji.

Kwenye simu nilikuambia alitoka damu kidogo. Haikuwa kidogo, na sikukuambia ni mkono wa nani ulioizuia. Ackson, ambaye hakuna aliyemwonya, aliingia wodini na bakuli la uji. Mama alipomwona akakurupuka ageuke na kupiga magoti kama adabu inavyotaka. Tundu likafumuka, damu ikaruka mpaka kitanda cha pili. Nilipofika mlangoni nilimkuta mume wangu amekandamiza kinena cha mama mkwe wake kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, uso kaugeuzia ukutani, macho kayafumba, anamwita muuguzi. Mama naye amejifunika kitenge usoni. Uji wote uko sakafuni. Muuguzi, Jessy, alipompokea kazi, alimwambia kwamba angekimbia kwa aibu, sasa tungekuwa tunatafuta jeneza. Ackson akatoka nje, akatapika.

Ungedhani mtu aliyeokolewa hivyo atashukuru. Wapi! Tuliporudi Nchelenge mama alihama nyumba yangu, akaenda kulala kwa mjane mmoja wa kanisani, akisema hawezi kukaa chini ya paa la mkwe aliyemgusa pale kabla ya njia kufunguliwa. Zile dawa za kuzuia damu isigande, ambazo daktari alisema asizikose hata siku moja la sivyo mshipa utaziba tena, akakataa kuzimeza kwa sababu zinaletwa na Ackson. Kila jioni Ackson alikwenda, akaziweka kizingitini, akakohoa, akaondoka. Kila asubuhi nilizikuta pale pale. Nikakupigia, ukasema mwisho wa mwezi. Nikaushika mguu, ulikuwa umeanza kupoa. Nikakupigia tena, mtandao ukaanguka.

Sasa sikia nililolifanya, na ukitaka kukasirika, kasirika. Jumamosi nilichinja jogoo. Nikapika bukari, ugali wetu, nikamwita mama, nikamwita Ackson, nikawaambia kwamba umepiga simu, umenituma nisimame mahali pako. Mwanamke, tena kitinda mimba! Nikavaa koti la baba, mikono yake ikanifunika vidole, nikasema kwa jina lako: Ackson, njia iko wazi, mama, huyu ni mtoto wako, na mkono wake ni mkono wa mtoto. Basi, hayo tu. Mama akafunua kitenge, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, akasema siku zote alimdhania mrefu zaidi. Kisha akanyoosha mkono apewe dawa.

Tulipokuwa tunaosha sahani nilitaka kumwambia ukweli, maana kumdanganya mama kwa jambo la ukoo si mchezo. Hakuniacha nimalize. “Mutoto yangu,” akasema, “miye namujua Stéphane. Ule hawezi kutuma maneno ya mufupi vile. Lakini kuku tulishakula.” Akaendelea kusugua sufuria.

Basi Yaya, usiharakishe tena, mgongo usije ukauma. Mama amerudi kwangu na anameza dawa zake. Kila jioni anaunyoosha ule mguu nje ya kitenge, vidole vinne, na Ackson anaushika kati ya viganja vyake kuona kama una joto, kwa kuwa mama mwenyewe hausikii. Juzi alipochelewa kurudi na lori, mama hakukubali kulala mpaka afike.

Siku ukija utapikiwa kuku mwingine, mnono, lakini utamla kama mgeni. Firigisi ya yule wa kwanza, ambayo ni haki ya mkubwa wa ukoo, nilimpa mama ampe anayestahili. Alinipa mimi, nikaila yote mbele yao.

Msalimie wifi na watoto, na umshukuru Camille kwa kazi niliyompa. Mama anakusalimu pia, anasema usisahau kuvaa viatu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa mkubwa wako Jumamosi,

Fidélie