Kitinda si Mtegeaji

Juu ya duka la rangi,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunaendelea, ila mimi nina hasira, na fungu lako limo. Ningekupigia simu ningeishia kupiga kelele, ndiyo maana naandika.

Unajua kazi ya mdogo wetu Kitinda ni kuhamisha samani. Anapandisha kabati ghorofa ya nne huku anatania wenzake. Akishalitua, akapumzika kidogo, ndipo kifua kinabana na kupiga filimbi, anakaa kwenye ngazi. Bosi wake akamwambia, "Yaani ukibeba huumwi, ukipumzika ndiyo unaumwa? Acha maigizo!" Akamsimamisha kazi.

Kisha akakupigia wewe, nawe ukamwamini. Ukampigia mtoto wa mama yako ukamwita mtegeaji, hata hukumuuliza anajisikiaje. Kaka, hivi kweli?

Nilimpeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima, ndipo daktari akampulizisha kipimo cha pumzi. Eti mapafu safi, hana kitu. Damu ilinichemka! Mtu aliyekaa kitako tangu asubuhi, unampimaje ugonjwa unaokuja baada ya kazi? Nikasema hatutoki mpaka apimwe akiwa amekimbia. Daktari akanitazama kama mwenda wazimu, lakini akakubali. Kitinda akapanda na kushuka ngazi za hospitali, nesi nyuma yake.

Alipomaliza akapuliza vizuri tu, daktari akaanza kutabasamu. Nikamwambia asubiri. Baada ya muda mfupi Kitinda akapuliza tena, pumzi imeshuka vibaya, midomo imepauka. Tabasamu likaisha.

Ni aina ya pumu. Kukimbia au kubeba mizigo mizito, hata mara moja tu, kunatosha: akishaacha, njia za hewa zinajibana. Amepewa dawa ya kuvuta kabla ya kazi, na ameambiwa aanze na mizigo myepesi mpaka mwili upate moto.

Bosi alikuja mwenyewe kuomba radhi, na kesho Kitinda anarudi kazini. Nilidhani atafurahi. Lakini kila simu ikiita anaruka, anatazama ni nani, anairudisha mfukoni.

Nisalimie sana shemeji, wabusu watoto. Mama anakusalimu. Mungu awalinde nyote huko mliko.

Bosi si ndugu yake, Kaka. Mpigie.

Dada yako akupendaye, hata leo.