Ulimi Wangu na Kituruki cha Ghaliya

Al Amerat, Maskati
25 Januari 2026

Ghaliya kaacha kazi ya televisheni kule Istanbul, na sababu ni miye mama yake!

Mpendwa mdogo wangu Shaikha,

Nisamehe kuanza bila ya salamu, kifua kimenijaa. Assalaam alaykum. Mu wazima huko Unguja? Magoti yako yanaendeleaje? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi. Raha ndiyo hatuna.

Unajua nilivyokuwa nikitamba naye. Miye niliyeishia darasa la saba, mwanangu anawasomea Waturuki habari kwa Kituruki chao! Katika kizazi chote cha babu yetu Harub, nani mwengine?

Sasa hao Waturuki wana ugomvi wao wa siku nyingi: wengine wanataka maneno ya kale yaliyotoka kwenye Kiarabu, wengine wanataka mapya. Ghaliya anapenda ya kale, na ndiyo anayoyatumia akisoma habari. Basi wale wa maneno mapya wakaanza kumwandikia chini ya kipindi chake mtandaoni: huyu mgeni anatuharibia lugha. Wengine wakamtetea, na mwalimu wake mmoja akaandika gazetini kwamba Ghaliya hakukosea. Mambo yalikuwa yashaanza kutulia.

Miye nikajitosa. Nikarekodi sauti yangu kwa Kiarabu, nikaibandika pale pale chini ya kipindi: "Nusu ya maneno yenu mmeazima kwetu! Mwanangu anawakumbusha tu, mnapiga kelele za nini?" Mtu akaitafsiri, ikasambaa. Na nikwambie kweli, nilifurahi. Nikawatangazia majirani kwamba watu laki mbili wamenisikia.

Ghaliya akapiga simu. Hakulia, hakunigombeza. "Mama, walikuwa wakibishana juu ya Kituruki changu, na hayo nna majibu yake. Sasa wanakutukana wewe. Nikae pale niwasomee habari kwa uso gani?" Siku ya pili akaandika barua ya kuacha kazi. Miaka tisa ya kusoma kwake, Shaikha, nimeivunja kwa dakika moja.

Anarudi nyumbani. Nilimsifu mbele za watu, nikamwaibisha mbele za watu. Kumtaka radhi jikoni, sisi wawili tu, hakutoshi. Nimewaita wote walionisikia nikitamba, wanisikie na nikimtaka radhi.

Nisalimie shemeji Mahfoudh na binti yako Taghreed, Mungu awahifadhi. Mume wangu Badr ameshakukatia tiketi. Usiniache peke yangu, mdogo wangu. Sote tunakutana kwangu Ijumaa, tarehe 13 Februari, baada ya swala.

Dadako mwenye kukupenda tangu ulipozaliwa,
Hajar