Jumamosi Naenda Kucheza Gofu

Mama Kabula mpenzi,

Habari za hapo Kalangalala? Natumaini kifua cha Kabula kimepona na wewe sasa unapata usingizi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga. Nakaa, nainuka, naenda dirishani, narudi.

Sababu ni Jumamosi. Mwalimu wetu wa kozi ya mitambo ya kuchoronga miamba, Mzee Colin, amenialika kucheza gofu pamoja na meneja wa karakana tunayojifunzia. Huyo meneja ndiye anayetaka nibaki huku Uingereza miaka miwili mingine, na najua ataniuliza hukohuko uwanjani. Watu wa huku mambo mazito huyasema wakitembea, macho yakiwa kwenye mpira.

Uwanja wenyewe nimeutazama kwenye simu mpaka macho yanauma. Ni bustani hasa, miti mirefu pande zote, kijito katikati, nyasi za kijani zilizonyolewa vizuri. Si kama uwanja wetu wa pale mgodini, vumbi tupu mwezi wa tisa, mashimo ya kutumbukizia mpira yapo kwenye mchanga uliomwagiwa oili chafu usipeperuke, na kila mchezaji anabeba kipande cha zulia cha kuwekea mpira kwa kuwa ardhi ni ngumu mno. Basi mimi mtu wa Geita nikaenda dukani, nikanunua zulia la mlangoni, nikalikata. Kisha nikapiga simu klabuni kuuliza kama naruhusiwa kuja na zulia langu. Dada wa mapokezi akasema kwa upole, "Hakuna shida, tuna chumba tulivu, unaweza kuswali humo." Mimi, mtoto wa Ushirombo niliyebatizwa Katoliki, nikamshukuru na kukata simu. Cheka tu, nimekuruhusu.

Kila siku napanga safari upya. Leo naona heri treni, kesho naona heri basi. Shati lazima liwe na kola, hilo nimenunua. Viatu nimeazima na vinabana. Nikishamaliza kupanga naanza tena, maana nikitulia tu maneno yako yananirudia.

Uliniambia kwenye simu, "Baba Kabula, mimi kukungoja naweza. Huyu mtoto ndiye hakungoji." Halafu nikamsikia Kabula nyuma yako akimwita Masanja baba. Masanja ni mdogo wangu, anawasaidia, na sina ugomvi naye hata kidogo. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Mshahara wanaoutaja ni mzuri, sikufichi. Naogopa nikishakanyaga zile nyasi, nikasifiwa mpigo mmoja au miwili, nitajikuta nimekubali.

Msalimie Masanja, umpe na shukrani zangu. Mama yangu kule Ushirombo mwambie shikamoo, na kwamba nakula vizuri. Mjomba wa kule Isaka, yule mpakia malori, mwambie koti alilonitumia nimelipata.

Mama Kabula, narudi kozi ikiisha. Ujumbe wa simu ningeweza kuufuta kabla hujausoma, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii naitia posta Ijumaa. Meneja atakaponiuliza, itakuwa imeshaondoka na siwezi tena kuirudisha.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Kabula