Simu ya Mama Katika Darasa la Sita

Muthetheni,
Machakos.
21 Juni 2008

Kwa kaka yangu mpendwa Wathome,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini jua la Garissa halijakushinda, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la barabara mnayoijenga kimepungua. Sisi huku tuko salama. Maharagwe tumeshavuna, mahindi ni ya wastani, na mguu wa Mama unaendelea kupona. Juzi alitembea kwa gongo hadi zizini akamkaripia ng'ombe, ndipo nikajua amepata nafuu kweli.

Ulipopiga simu wiki jana uliniuliza kazi inaendaje, nikakujibu kuwa ni nzuri, basi. Leo nataka kukueleza vizuri, kwa maana kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu huku Mama ameketi karibu yangu.

Unalijua darasa langu la sita. Niko na watoto sabini na mmoja na vitabu tisa vya Kiingereza, kimoja hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Watoto wanane huinamia kitabu kimoja, na anayekaa pembeni husoma kwa kukisia. Desemba ulipomletea Mama ile simu na kunionyesha jinsi inavyorekodi sauti, sikukwambia nilichowaza, lakini siku hiyohiyo nilianza kupanga. Shule zilipofunguliwa nilimwomba Mama aniazime kila Jumanne na Alhamisi. Alicheka, akaniuliza itafundisha nini simu ambayo yeye imemshinda hata kuizima. Lakini alikubali.

Nikawa nafika shuleni kabla ya kengele, najirekodi nikisoma habari moja ya kitabuni polepole, na mwishoni naweka maswali. Chaji naipata sokoni kwa fundi mwenye betri ya gari. Wakati wa somo, safu moja huenda barazani na simu, wakasikiliza na kuandika majibu, nami nafundisha waliobaki, kisha wanabadilishana. Kufikia Aprili, watoto waliokuwa wakinong'ona Kiingereza kama watu wanaosengenya walikuwa wakikisoma kwa sauti.

Si wote waliofurahi. Bwana Mutunga, mwalimu mkuu wetu, alinikumbusha kwamba simu ni marufuku shuleni, akaniruhusu nijaribu muhula mmoja tu. Kwenye mkutano wa wazazi, Wambua mwenye kinu cha kusaga alisema hakumleta binti yake shuleni kuchezea simu. Unajua mimi siogopi mkutano. Nilimwita huyo binti yake, Mutanu, nikampa kitabu asome mbele ya watu. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Jumanne iliyofuata Wambua alileta simu yake mwenyewe, imefungwa kwenye leso.

Halafu tukapata habari kwamba afisa wa elimu atatutembelea Jumatano, tarehe ishirini na nane Mei, na kwamba anataka kuona somo la simu. Nilijua nitakachomwonyesha. Unamkumbuka Nuha, binti ya Mzee Faki anayeuza vitambaa mjini Machakos, niliyesoma naye sekondari? Sasa ni muuguzi. Tulipatana kwamba saa tano kamili nitampigia, niweke sauti ya juu, na watoto wamuulize kuhusu malaria.

Kaka, ungekuwepo ungejivuna! Darasa lilitulia hadi ukasikia mabati ya paa la jiko la shule yakipigwa na upepo. Sauti ya Nuha ilitoka safi kabisa. Mutanu aliinuka akauliza, "Kwa nini mbu ananiuma mimi na kumwacha kaka yangu tunayelala naye chumba kimoja?" Nuha alicheka, kisha akajibu kwa makini kama anayezungumza na mtu mzima. Watoto kumi na wawili waliuliza maswali. Afisa, aliyekuja na uso wa kutafuta makosa, aliacha kuandika akawa anasikiliza tu. Mwishowe alinishika mkono, akaniambia Agosti niende nikawafundishe walimu wa shule nyingine sita. Bwana Mutunga alinitengea chai na andazi kama mgeni. Katika miaka tisa ya ualimu sijawahi kupata siku kama ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Haikuwa siku yangu ya kuazima. Simu ya Wambua haina sauti ya kutosha darasa zima, na Jumanne jioni nilikuwa nimeshairudisha ya Mama. Nilipaswa kumwomba tena. Niliogopa angekataa, kwa sababu alikuwa amesema anangoja kupigiwa na shangazi Mukai. Kwa hiyo asubuhi alipokuwa akikamua, niliingia chumbani kwake nikaichukua mezani, nikaondoka bila kuaga.

Sisi tulikwambia Mama aliteleza kwenye tuta akichuma kunde, akavunjika mguu, akapelekwa hospitali mara moja. Hilo la mara moja si kweli. Alianguka kama saa tatu. Kalondu, jirani yetu, alipita saa saba akitoka kinuni, ndipo akamsikia. Kwa saa nne Mama alilala juani akiita, na saa tano, wakati watoto wakimpigia Nuha makofi, alikuwa akijaribu kujikokota kwa viwiko. Simu uliyomnunulia ili asipatwe na jambo kama hilo akiwa peke yake ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi ndiye niliyefanya hivyo, na mimi ndiye niliyekuficha. Simtupii lawama mtu mwingine wala sisemi lile somo lilikuwa baya. Lilikuwa somo zuri sana. Agosti nitakwenda kuwafundisha wale walimu, na nitafanya kazi hiyo vizuri. Lakini nitatumia simu yangu, niliyonunua mwezi huu, pamoja na za wazazi watatu wanaotuazima. Ya Mama sasa inaning'inia shingoni mwake kwa kamba, na sitaigusa tena. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Ila usinyamaze, nipigie ugombe.

Msalimie wifi Katunge na watoto. Kalondu anakusalimu, Bwana Mutunga pia. Mungu akulinde katika kazi yako.

Mama naye anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga. Nilipofika pale penye kuanguka, aliniambia nikate niandike upya, kwamba asubuhi ile ni yeye aliyeniita zizini akanipa simu kwa mkono wake mwenyewe. Nilikataa. Amenishikilia hadi nimekubali kuandika maneno yake, na hayo nimeyaandika. Lakini ujue, kaka, hakunipa.

Ni mimi dada yako,
Syombua