Vidole vya Wieland

Jutta, usinipigie, sauti haitoki. Nimekaa kwenye gari nje ya chumba chetu cha mazoezi.

Wieland anaacha bendi. Wieland wetu, Jutta.

Tulikuwa tunapiga ule wimbo wa kwanza wa albamu mpya. Unaujua, mapigo yanabadilika kila unapodhani umeyashika, na gitaa lake ndilo linalotuongoza. Akakosea. Tukaanza upya, akakosea palepale. Yeye, ambaye watu wanasafiri kutoka Hamburg kuja kusikiliza death metal yetu, muziki wa kasi na makelele, kwa ajili ya vidole vyake.

Detlev akaacha ngoma, akamtania, "Vipi, babu, tukupigie polka, dansi ya wazee?"

Mimi nikacheka. Jutta, nilicheka.

Wieland akatuonyesha mkono wa kushoto. Vidole viwili vimejikunja, havinyooki. Akasema, "Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, havitapona. Nilitaka kuwaambia baada ya ziara yetu ya maonyesho, ila vyenyewe vimeshawaambia."

Detlev akaweka vijiti vyake chini.

Nikasema basi tutapiga nyimbo za polepole. Akanijibu, "Henrike, sisi hatuna nyimbo za polepole."

Halafu akaketi juu ya spika, akatuomba tuupige ule wimbo bila yeye. Tukaupiga, besi yangu na ngoma tu, na pengo kubwa katikati. Nililia mwanzo hadi mwisho.

Na yeye alikuwa anatikisa kichwa, Jutta. Kila mapigo yalipobadilika, alibadilika nayo. Hakukosea hata mara moja.