Mnyororo Ndani ya Mti wa Shule

Barabara ya Hickory,
Bonde la Plum,
Wisconsin.

9 Agosti

Mpendwa Shangazi Saloma,

Leo nimeahidi kukuambia yote, hata yale ambayo huwa nayaacha ili barua ionekane njema. Lakini kwanza nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Ontario? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hapa tu wazima. Mama anatia matango kwenye siki, na nyumba nzima inatutoa machozi.

Miti ya elm inazidi kufa. Ukipita barabarani unaiona imesimama mikavu kila uwanja, magome yakibanduka kama nguo chakavu. Kila mwenye mti uliokufa anamkumbuka Baba, kwa sababu mashine yake ya kupasulia mbao ina magurudumu, na farasi wetu huivuta hadi mlangoni kwa mtu. Mbao hizo wanazitaka kwa kutengea farasi mabandani. Elm haipasuki hata ikipigwa teke, maana nyuzi zake zimeshikana kama vidole vya mtu anayeomba.

Ulipoandika mwezi wa Aprili kwamba unahitaji msaidizi wa kuwafundisha wadogo kusoma, Baba aliniambia, "Tukimaliza haya magogo, utakwenda." Nilifurahi, Shangazi. Nilikuwa nikimaliza darasa la nane, na nilidhani kumaliza shule na kumaliza magogo ni mambo yatakayokuja pamoja.

Magogo hayaishi. Rundo likipungua kidogo, tela la mtu linaingia uani. Baba hajui kusema hapana. Na tangu kaka Orla aoe na kuhamia kwa wakwe zake, mimi ndiye ninayezipokea mbao zinapotoka kwenye msumeno na kuzipanga zikauke.

Huko kuzipanga ndiko kulikonifunga. Mbao za elm zina ukaidi. Zikiachwa zikauke zitakavyo, hujikunja hadi mtu hawezi kuzitumia hata kwa banda la kuku. Kwa hiyo kati ya ubao na ubao unaweka vijiti, kila kijiti juu ya mwenzake moja kwa moja kutoka chini hadi juu, kisha unalaza mawe mazito juu ya rundo lote. Zangu hazipindi. Baba humwambia kila mgeni, "Mbao za Verna hulala kama zimeamrishwa." Mtu akisifiwa hivyo, atasemaje kwamba anataka kuondoka?

Zaidi ya hayo, elm mbichi inanuka mkojo wa ng'ombe, na harufu haitoki kwenye nywele. Juzi Bwana Halvorsen, yule jirani asiye wa kanisa letu, aliziba pua yake kwa mzaha.

"Verna, leo umelala zizini?"

"Hapana, bwana," nikamjibu. "Hii ni harufu ya mti wako."

Baba alicheka hadi akaizima injini. Mimi nilicheka pia, lakini Jumapili kanisani nilikaa mwisho wa benchi.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Wiki iliyopita wazee wa shule walimwomba Baba aupasue mti mkubwa wa uwanjani kabla watoto hawajarudi, maana nao umekufa. Tuliipeleka mashine hukohuko shuleni. Rundo langu nililipanga chini ya dirisha la darasa, na kila nilipoinuka niliyaona madawati, na lile langu la mwisho, na ubao mweusi uliofutwa. Sikuwahi kuwa karibu hivyo na shule huku nikiwa mbali nayo.

Unajua desturi ya Baba. Hapasui gogo la mtu kabla hajamuuliza, "Kuna chuma humu? Msumari? Waya wa ua?" Mti wa shule hakumuuliza mtu, kwa sababu alisoma chini yake. Mimi niliona doa jeusi upande mmoja, kama wino umemwagika ndani ya mti.

"Baba, hapa pana weusi."

"Mti huu naujua tangu utotoni, Verna. Rudi kwenye mbao zako."

Msumeno ukaingia, kisha ukalia kilio ambacho sijapata kukisikia. Ulikatika vipande, na gurudumu linaloubeba likapasuka. Ndani ya gogo palikuwa na mnyororo, umemezwa wote, mti umeufunika kama mkate unavyofunika zabibu.

Mama alikuwa ametuletea chakula. Aliinama akatazama. "Ervin! Si mnyororo wa ile bembea yenu?"

"Nilikuwa mtoto, Fannie."

"Ulikua, ukaoa, ukapata watoto, na hukwenda kuifungua!"

Baba alikaa juu ya gogo, akaugusa mnyororo kwa kidole. "Nilimfungia Saloma," akasema. "Alikuwa mdogo wa wote, akanililia siku nzima. Sikuona ulivyomezwa."

Kisha akainua macho, akaniona nimesimama chini ya dirisha la darasa.

"Mwandikie shangazi yako," akasema. "Gurudumu jipya linatoka Indiana. Mashine ikiwa imesimama sina sababu ya kukuzuia. Ikianza kunguruma nitakuwa nazo nyingi, najijua. Jibu lake likilitangulia gurudumu, utakwenda."

Jioni nilimkuta Mama akishusha upindo wa gauni langu la Jumapili.

Wasalimie sana baba mdogo Freeman na mama mdogo Ida, na uwabusu pacha wao kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, na amekuwekea pete moja ya mnyororo ule. Nitakuletea mwenyewe, Mungu akinifungulia njia. Yeye akulinde uingiapo na utokapo.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Verna Bontrager

Nimeacha swali mwisho ili lisikupotee, nawe unijibu siku hiyohiyo barua itakapokufikia: Shangazi, nafasi ile bado ipo, na bado unanitaka?