Kaburi la Mama Liko Wazi

Mikumi,
Jumatano mchana.

Kwa kaka yangu Melkizedek,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba foleni ya malori hapo mpakani Kasumbalesa imeanza kusogea. Mimi mwili haujambo. Wanangu nao hawajambo. Imani ameanza kuota meno na anamng'ata kila anayembeba. Baba mdogo Evarist anakusalimu kutoka Lumuma, anasema vitunguu vya Mama vimeng'olewa na kuanikwa, havikuoza. Barua hii anakuletea dereva mwenzako Cosmas, ambaye sasa hivi anakula ugali hapa kibandani kwangu huku nikiandika. Nimemwambia ale taratibu.

Ningeweza kupiga simu, lakini tungegombana, na wewe ukikasirika unakata. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Umesema nimekuaibisha, kwamba video ya mazishi ya Mama inazunguka kwenye simu za madereva, mtani wetu Petro amelala kaburini akigoma kutoka mbele ya mgeni rasmi, na mimi nimesimama kando nimeshika kiuno badala ya kumfukuza. Umesema mwanamke mwenye adabu asingefanya vile. Kaka, nimekasirika tangu siku ndege ilipoanguka, na hasira hiyo ilikuwa haijafika kwako bado. Sasa imefika. Ngoja nikueleze yasiyoonekana kwenye video.

Safari ya Mama unaijua. Ulimpeleka Dar atolewe mtoto wa jicho, na alipopona ukamkatia tiketi ya ndege ndogo inayoshuka hapa hifadhini, kwa kuwa alisema macho yake mapya anataka yaione milima ya kwao kutoka juu. Kwa hilo sikulaumu, na mtu mwingine asikulaumu. Ulimpa alichokitamani. Ninaowalaumu ni wale waliomrusha. Watu wa uwanjani hapa wanasema injini ile ilikuwa ikikohoa wiki nzima, ila ukiwaletea kamera hakuna aliyesikia kitu. Kampuni inasema ni hali mbaya ya hewa. Siku hiyo nilifua mashuka hapa Mikumi, na kabla ya saa sita yalikuwa yamekauka.

Jeneza lilifika Lumuma kwa gari la kampuni, jeupe, vishikio vinang'aa, limekazwa skrubu pande zote. Ofisa wao mmoja, Godfrey, mwenye miwani ya jua na sauti ya redioni, aliniambia halitafunguliwa kwa sababu za kiafya. Hema lilikuwa lao, viti vyao, spika zao, ratiba yao. Mgeni rasmi alihutubia kuliko mchungaji alivyohubiri, na jina la Mama akalikosea. Alimwita Veronika mpaka mwisho na hakuna aliyemsahihisha.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, Petro akajitosa ndani. Wageni walidhani ni mlevi. Wewe unaijua kazi ya mtani msibani: ndiye aliyechimba, ndiye anayemshusha marehemu, na ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka mpaka wafiwa wapate pumzi. Unakumbuka yeye na Mama walivyokuwa, yeye akimwita mchawi wa vitunguu, Mama akimwita fisi kibogoyo. Basi Petro alijilaza chali, akakunja mikono kifuani, akasema hawezi kumzika mtu ambaye hajamtania usoni. Godfrey naye alikuwa amesikia mahali kwamba mtani akiingia kaburini hupewa chochote ndipo atoke. Akatoa noti akamrushia. Petro alizipangusa kama makombo, akarudia kwamba anataka uso.

Hapo Godfrey akapandisha sauti, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto wa kwanza wa marehemu ameshakubali kwa simu jeneza lisifunguliwe. Watu wote wakanigeukia. Hilo halimo kwenye video, kaka, kwa sababu kijana aliyekuwa anarekodi alishusha simu kwa kukuonea aibu. Baba mdogo ameniambia kwamba walipokupigia ulikuwa unalia, ukawajibu wafanye wanavyoona inafaa. Naamini. Lakini mimi nilikuwa pale pale na simu mkononi, na hukuniuliza. Neno lako moja wakaligeuza kufuli. Nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa spika nikachukua bisibisi, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

Tulizungusha kanga, tukabaki ndani wanawake wachache na Petro. Uso sitakueleza. Miguu ilikuwa mizima. Ilikuwa miguu laini ya binti, imepakwa hina maua kwa maua hadi vifundoni. Mama yetu, aliyepasuka visigino kwa kukanyaga mifereji ya maji mashambani, alipaka hina lini? Petro alikuwa amejaa utani mdomoni, nao wote ukamwishia. Alivua kofia, akaomba kanga moja, akamfunika yule binti taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Nilitoka nikamwambia Godfrey. Alinivuta pembeni akaniomba kwa sauti ya chini tumalize tu, wote ni watu wa Mungu, nisimharibie mgeni rasmi shughuli. Shughuli! Nikashika kiuno tena, kama kwenye ile video. Ulitaka nishike nini?

Mwili waliurudisha mochwari Morogoro. Tangu siku hiyo kila nikiwapigia naambiwa nisubiri, uchunguzi unaendelea, nisizushe taharuki, na nisithubutu kwenda kuwasumbua wafiwa wengine. Uchunguzi gani, kaka? Ndege nzima ilikuwa na wanawake wawili tu. Mmoja ni Mama. Wa pili ni Mwanakheri, binti wa Msowero, mpishi wa kambi ya watalii hapa hifadhini, aliyekuwa anarudi kazini baada ya likizo ya harusi yake. Yeye, walisema, alishazikwa kwao jioni ile ile jeneza lilipofika. Hata Imani angejua nani kalala wapi.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba mdogo. Nilikwenda Msowero. Mama nimemwona alipolala.

Mama yake Mwanakheri anaitwa Bi Joha. Nilimwamkia, akanikaribisha, nikaanza kumweleza kwa kuzunguka zunguka kwamba aliyemzika siye mwanawe. Kabla sijafika popote akasema anajua. Alijua tangu siku ya kuosha, maana hina ya bintiye aliipaka yeye kwa mkono wake, na miguu aliyoletewa haikuwa na hata doa. Kaka, nilitaka kumrukia. Nilimuuliza, tena bila heshima yoyote, alipata wapi moyo wa kumchukua mama wa watu akamfukia na kunyamaza. Aliniacha nimalize. Halafu akasema watu wa kampuni walisimama mlangoni wakimwambia kwamba akiukataa mwili huo utarudi kwenye friji, na hawajui utakaa huko mpaka lini. Aliitazama ile miguu akajua huyu amelima, amelea, na kuna watoto wanamtafuta mahali. Mwanawe, aliambiwa, kama siye huyo basi ameteketea, hakuna kilichobaki. Akaona hawezi kumrudisha mwanamke mwenzake kwenye baridi. Akamwosha, akamsugua nyufa za visigino, akampaka mafuta, akamvisha sanda aliyokuwa amemnunulia mwanawe. Tangu hapo anamwombea kila siku bila kumjua jina. Nikamtajia. Akawa analirudia, Monica, Monica, mpaka likamkaa mdomoni.

Kisha nikamwambia kuhusu ile miguu yenye hina. Alikuwa hajaambiwa. Tangu siku ile ya Lumuma wanajua mwanawe yuko Morogoro, mzima wa kuweza kuzikwa, na wamemwacha mzazi aamini hakubaki hata unywele, ili wao wasipate aibu! Bi Joha aliinama. Alipoinua uso alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Tumekubaliana, mimi na yeye. Mama hatafukuliwa kimyakimya, wala Mwanakheri hataletwa kwa mlango wa nyuma. Iwe siku moja, mchana, na spika zile zile na mgeni rasmi yule yule, na Godfrey aseme kwa kinywa chake walichotufanyia. Tumekwenda ofisini kwao pamoja. Jibu lao ni lile lile, kwamba mtoto wa kwanza alishakubali, na mimi sina sauti. Kwa hiyo mwachie utingo lori lako, upande gari lolote linalorudi, uje useme mbele yao kwamba hukukubali kuzikiwa mama wa mwenzio. Usipokuja, usiniite tena mdogo wako.

Ukifika Lumuma utamkuta Petro. Kaburi likishachimbwa haliachwi peke yake, kwa hiyo amelifunika kwa mabati, amejijengea kibanda kando, na kila asubuhi hushuka kuokota majani yaliyodondokea ndani. Watu walimshauri tuzike shina la mgomba humo badala ya mwili, yaishe, akawafukuza. Ule utani aliomwandalia Mama hataki kumwambia mtu. Nilimbembeleza anidokeze hata mwanzo wake nicheke kidogo, akakataa kabisa. Alisema si wangu, ni wa mwenyewe, na mwenyewe hajafika.

Cosmas amenawa mikono na amewasha gari. Wasalimie madereva wote wa hapo foleni, pamoja na waliocheka ile video. Bi Joha anakusalimu, anakuita mwanawe. Mungu akulinde barabarani, na ukija njoo mikono mitupu ya kumbebea Mama, usilete hata ua.

Ni mimi, ambaye bado ni mdogo wako,
Yusta